Maswali yanayoulizwa sana kuhusu mashine za matofali ya kuchezea: kuziunda, kuzituni na kuzifanya zikimbie bila kukwama

Hizi mashine zenyewe ni nini hasa?

Ni mashine za kweli kabisa, zina mota, gia, cheni, krenki (mkono wa kugeuza mzunguko kuwa kupanda na kushuka), mikono inayonyanyua na ngazi zinazopanda na kushuka, ila zimeundwa kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, hasa LEGO na ile familia yake ya Technic yenye mashimo na ekseli, iliyoanza kutoka 1977. Nyingi kazi yake ni moja tu, kuchukua gololi ndogo ya plastiki hapa na kuifikisha pale, kwa njia yoyote utakayobuni wewe, uirushe, uipandishe ngazi, uibebe kwenye kikombe, uivute na cheni, hakuna wa kukukataza. Mwaka 2005 Steve Hassenplug wa Marekani aliweka masharti mepesi ili mashine za watu mbalimbali ziweze kupangwa mstari mmoja, gololi itoke kwangu iingie kwako iende kwa mwingine, na mtindo huo ukaitwa Great Ball Contraption, wengi tunasema GBC basi. Masharti yake nimeyaweka huko chini.

Kwani hivi sio vitu vya watoto?

Watoto wanavipenda na wana haki hiyo. Lakini msuguano uliopo kwenye ekseli ya plastiki ni msuguano uleule uliopo kwenye gari, na gia yenye meno 8 ikisukuma yenye meno 24 inafanya hesabu ileile inayofanywa na giaboksi yoyote. Tofauti ni kwamba hapa ukikosea unabomoa na kuunda upya ndani ya dakika kumi, hamna chuma kilichokatwa vibaya. Mi sijaona njia nyingine ya kujifunza ufundi inayokuruhusu ukosee mara nyingi namna hii kwa siku moja.

Naanza na vipande gani?

Anza na vichache ila vya aina sahihi. Mota moja na boksi lake la betri, gia za meno 8, 16, 24 na 40 chache chache, ekseli za urefu tofauti, boriti zenye mashimo, bushi nyingi, vile vipete vinavyoshika ekseli isitoke (ntarudia, nyingi, maana zinaisha haraka kuliko unavofikiri), na pini. Gololi 30 zinatosha kabisa kwa majaribio. Watu wengi wanaanza kwa kukusanya matofali makubwa ya rangi nzuri alafu wanakuta hawana ekseli ya kuunganisha gia mbili.

Pini nyeusi na pini za kijivu zina tofauti gani? Si zinaingia shimo lilelile?

Zinaingia, na hapo ndo watu wengi wanapojiharibia. Pini nyeusi ina vibonge vidogo pembeni vinavyobana, kazi yake ni kushika vitu visitembee, basi inafaa kwenye fremu. Pini ya kijivu au ya rangi ya mchanga ni laini, inazunguka bure, hiyo unaiweka kwenye maungio, mkono unaopanda na kushuka, kitu chochote kinachotakiwa kucheza. Ukiweka pini nyeusi kwenye maungio mashine itaenda tu, ila mota inalipa kodi kila mzunguko na wewe huioni. Mtu akiniletea mashine nzito, kabla ya kugusa gia nakagua rangi za pini kwanza.

Kwanini mashimo yangu hayakutani nikijenga kwenda juu?

Kwasababu tofali halina vipimo sawa pande zote. Kwa upana, kinundu (kile kichomozo cha juu ya tofali) hadi kinundu ni milimita 8. Kwa kimo, tofali moja ni milimita 9.6 na pleti moja, lile tofali jembamba, ni 3.2, yaani pleti tatu ndo tofali moja. Sasa ukipandanisha matofali mawili yenye mashimo moja kwa moja, mashimo yanakuwa mbali kwa 9.6, hakuna boriti itakayokubali. Ila ukiweka pleti mbili katikati unapata 9.6 na 6.4, jumla 16, yaani vinundu viwili kamili, boriti inaingia bila kulazimishwa. Hii ishike kichwani, tofali moja na pleti mbili.

Na kwa pembe za mshazari tumia ile pembetatu ya 3, 4 na 5 ya shuleni, ila kumbuka unahesabu nafasi kati ya mashimo na sio mashimo yenyewe. Kwahiyo upande wa 3 unatumia mashimo 4, wa 4 unatumia mashimo 5, na ule mrefu mashimo 6. Ukihesabu mashimo utapata kitu kinachokaribia kuingia, na kitu kinachokaribia kuingia ndo hatari zaidi, maana utakisukuma kwa nguvu kitaingia, fremu itapinda kidogo, na ekseli zote zinazopita hapo zitabanwa.

Gia zangu zinaruka meno, zinapiga kelele trrr trrr. Shida nini?

Mara nyingi gia zenyewe hazina kosa, ni ekseli zinasukumana zikaachana. Gia mbili zikibebeshwa mzigo zinataka kukimbiana, na kama fremu yako ni laini zitafanikiwa. Angalia kama ekseli imeshikwa pande zote mbili za gia, boriti huku na boriti huku, karibu kabisa. Gia inayoning'inia mwisho wa ekseli iliyoshikwa upande mmoja itaruka meno siku yoyote ile, hata kama leo imekubali.

Alafu hakikisha umbali. Gia hizi zina hesabu nzuri sana, kipenyo chake cha kazi kwa milimita ni sawa na idadi ya meno, kwahiyo nusu kipenyo cha meno 8 ni milimita 4, cha 16 ni 8, cha 24 ni 12, cha 40 ni 20. Jumlisha nusu mbili unapata umbali wa ekseli. 8 na 24 inatoa 16, vinundu viwili. 8 na 40 inatoa 24, vinundu vitatu. 24 na 40 inatoa 32, vinundu vinne. 16 na 16 ni vinundu viwili. Ila 8 na 16 inatoa 12, kinundu kimoja na nusu, hapo ukilazimisha kwenye mashimo ya kawaida zinabaki hazigusani au zinabanana.

Mota inazunguka vizuri ikiwa peke yake, nikiiunga mashine inaenda polepole au inasimama. Niweke mota kubwa?

Hapana, usiweke bado. Hili ndo swali naulizwa kuliko yote na jibu langu halibadiliki, kabla ya kuongeza nguvu tafuta nguvu uliyonayo inapotelea wapi. Mota kubwa haiondoi msuguano, inaufunika tu, na msuguano uliofunikwa unakula plastiki yako taratibu mpaka siku kitu kivunjike.

Nilikuwa na mashine ya ngazi, ile ambayo vipande sita vinapanda na kushuka kwa zamu na gololi inapanda kidato kimoja kimoja. Ilikimbia dakika ishirini vizuri alafu ikaanza kuzubaa, ikasimama. Nikaweka mota kubwa zaidi, ikakimbia, nikafurahi. Siku ya pili ekseli ndefu ya krenki ilikuwa imejinyonga kama kamba, ukiitazama mwisho mmoja umbo lake la msalaba haliendani na mwisho mwingine. Nikabomoa kipande kwa kipande nikizungusha kwa vidole kila hatua, na nilichokuta ni bushi moja tu, bushi moja ya kijivu iliyosukumwa mpaka ikagusa boriti na kuibana. Nikaivuta nyuma kidogo, upana wa karatasi hivi. Mota ndogo ile ya kwanza ikarudi na inaendesha mpaka leo.

Kwahiyo fanya hivi. Chomoa mota. Zungusha ekseli ya kuingizia kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, bila kukaza mkono. Unatakiwa usikie ulaini sawa kwa mzunguko mzima. Ukisikia sehemu moja inakuwa nzito alafu inalegea, hapo kuna kitu kinagusa au mkono unafika mwisho wa njia yake. Ukisikia uzito uleule mwanzo mpaka mwisho, hiyo ni bushi imebana au fremu imepinda. Sasa anza kutenganisha kutoka mwisho kuja kwenye mota, toa kipande kimoja, zungusha, toa kingine, zungusha, mpaka uzito upotee. Kilichotoka mwisho ndo mwenye kosa au jirani yake. Ni kazi ya kuchosha lakini haijawahi kuniangusha.

Ekseli nzuri ukiisukuma kwa kidole pembeni inacheza kidogo sana, kushoto kulia, unasikia tik. Isipocheza kabisa imebanwa. Ikicheza mpaka unaona kwa macho, gia inaweza kutoka kwenye mwenzake.

Sawa, msuguano nimetoa. Najuaje gia gani nitumie ili kasi iwe sahihi?

Tuchukue mfano. Mota ya M ya Power Functions (mfumo wa mota na betri wa LEGO) kwa volti 9 inazunguka kama raundi 400 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ukipunguza kwa meno 8 kwenda 24 mara mbili, hiyo ni tatu mara tatu, tisa, unapata raundi 44 hivi. Kama krenki yako inapandisha gololi moja kila mzunguko, ni gololi 44 kwa dakika, na GBC inataka wastani wa gololi moja kwa sekunde yaani 60. Haitoshi. Wengi hapo wanakimbilia kuongeza kasi. Mi nakushauri uongeze gololi kwa mzunguko, panua kikombe kibebe mbili, unapata 88 na mashine inatembea taratibu kwa heshima.

Na usiamini namba ya bila mzigo. Ukishaunganisha kila kitu mota inaweza kushuka mpaka 300, ukigawa kwa tisa ni 33, mara gololi mbili ni 66. Bado upo juu ya 60 lakini ona nafasi ilivopungua. Ndio maana napenda kupiga hesabu ikiwa na ziada, maana betri nazo zitachoka.

Kitu kingine, mashine inayoenda kasi sana inarusha gololi nje. Gololi ni nyepesi, mkono ukifika juu kwa haraka gololi inaendelea na safari yake peke yake. Nimeona mashine nyingi zikipona kwa kupunguzwa kasi tu.

Gololi zinakwama kwenye kikapu cha kuzipokelea. Ziko nyingi, tundu lipo wazi, lakini hazishuki. Kwanini?

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndo mashine nyingi zinapofia.

Chungulia kikapu wakati kimekwama kabla hujakigusa. Utakuta gololi mbili zimekutana mdomoni mwa tundu, bega kwa bega, moja imeegemea ukuta wa kushoto na nyingine wa kulia, na zinashikana katikati. Zimejenga tao, kama tao la mlango wa mawe. Na kama lilivo tao la mawe, uzito wa juu unazidi kulikaza, kwahiyo kuongeza gololi hakusaidii, kunafunga zaidi. Ukigusa moja kwa ncha ya ekseli zote zinamwagika mara moja, prrr, na utashangaa kitu kidogo vile kilikuwa kimesimamisha mashine nzima.

Sasa dawa. Kwanza vunja usawa, tao linapenda pande mbili zinazofanana, kwahiyo tundu usiliweke katikati, lisogeze kona na upande mmoja wa mteremko uwe mrefu kuliko mwingine. Pili weka kitu kinachotikisa, kipande kidogo kinachopanda na kushuka kando ya tundu kikiendeshwa na mota ileile, sio lazima kiende sana, kinundu kimoja kinatosha, kazi yake ni kuinyima gololi nafasi ya kutulia. Mi napenda kitikise kutokea chini kuliko kutokea juu, cha juu mara nyingi kinakandamiza gololi badala ya kuzisogeza.

Tatu ni upana wa njia. Gololi za GBC zina kipenyo cha kama milimita 14. Njia yenye upana wa vinundu viwili ndani ni milimita 16, gololi inapita moja moja ikiwa na nafasi ya milimita 2, safi sana. Mtu akiona inakwama anapanua mpaka vinundu vitatu, milimita 24, na hapo ndo anaharibu kabisa, maana gololi mbili haziwezi kupita sambamba lakini zinaweza kukaa mshazari na kukabana. Kwahiyo ama vinundu viwili, ama vinne. Vitatu viache.

Mteremko uwe kiasi gani?

Pleti moja kwa kila vinundu nane ni mwanzo mzuri, hiyo ni nyuzi tatu hivi. Lakini sakafu iwe ya taili laini zisizo na vinundu, gololi ikipita juu ya vinundu inalala kwenye mashimo kati yake. Kwenye kona ongeza mteremko kidogo, gololi inapoteza mwendo ikigonga ukuta.

Gia ya parafujo nitumie lini?

Ile yenye umbo la skrubu. Inahesabika kama gia ya jino moja, kwahiyo ikiendesha meno 24 unapunguza mara 24 kwa hatua moja, na uzuri wake mkubwa ni kwamba hairudi nyuma, mzigo hauwezi kuizungusha. Lifti ikizimwa katikati inabaki palepale. Ubaya wake inakula nguvu nyingi kwenye msuguano na inasukuma ekseli yake kwa urefu, kwahiyo zuia miisho yote miwili na uache ule mchezo mdogo niliousema. Kwa kitu kinachozunguka muda wote siku nzima mi naikwepa, kwa kitu kinachotakiwa kushika mahali ni bora kuliko zote.

Ekseli yangu ndefu imejinyonga. Inarudi?

Hairudi vizuri, itoe, iweke kwenye fremu ambako haizunguki. Alafu jiulize kwanini imebeba mzigo mkubwa hivo. Ekseli ndefu inatakiwa ipitishe mwendo wa kasi wenye nguvu ndogo, na gia za kupunguza ziwe kule mwisho karibu na mzigo. Watu wengi wanapunguza karibu na mota alafu wanapeleka nguvu yote kwa ekseli ya vinundu 12, lazima isokoteke. Hamisha gia tu, vipande ni vilevile.

Kuna njia ya kuzuia vitu visivunjike gololi ikibana?

Ipo, gia ya klachi. Ni ya meno 24, mara nyingi nyeupe, imeandikwa 2.5 na 5.0 Ncm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), maana yake mzigo ukifika hapo katikati inateleza ndani kwa ndani, mota inaendelea kuzunguka na mashine inasimama salama. Iweke karibu na sehemu inayokwama na sio jirani ya mota, kwasababu baada ya kupunguza kasi nguvu inakuwa kubwa na klachi iliyo mwanzo haitaihisi mapema. Na klachi ikianza kuteleza kila saa usiibane wala kuitoa, inakwambia kuna mahali pamebana.

Kuna unga mweusi chini ya mashine yangu. Niweke mafuta?

Huo unga ni plastiki yenyewe inasagika, ekseli ndani ya shimo. Kidogo baada ya saa nyingi ni kawaida. Ukiuona baada ya nusu saa, hapo ekseli imebeba uzito pembeni, labda cheni imekazwa sana au fremu imepinda, rudi kwenye kuzungusha kwa vidole. Mafuta ya kawaida ya mashine na yale ya kupuliza ya petroli usiweke, yanaweza kuidhuru plastiki hii ya ABS ikapasuka. Kama ni lazima basi silikoni, tone dogo kwenye ekseli tu. Isifike kwenye gololi wala pini za fremu.

Betri za kuchaji zinafaa? Naona mashine inaenda polepole.

Zinafaa na mi natumia hizo. Betri sita za kawaida za volti 1.5 zinatoa 9, sita za kuchaji za 1.2 zinatoa 7.2, umepoteza moja ya tano, lazima upungufu uuone. Ila za kuchaji zinashikilia volti zake karibu mpaka mwisho, za kawaida zinashuka taratibu muda wote, na kwa mashine ambayo mapigo yake lazima yaendane na jirani yake mi naona utulivu ni bora kuliko kasi. Tuni mashine yako na betri zilezile utakazotumia siku ya kuionyesha. Ukituni na betri mpya kabisa umeituni kwa hali inayodumu dakika chache.

Najuaje mashine imekuwa tayari?

Rudisha mdomo wake wa kutokea kwenye kikapu chake chenyewe, tia gololi 30, iache saa nzima usiiguse. Piga hesabu hii, gololi moja kwa sekunde ni mapito 3,600 kwa saa. Ikikosea mara moja kwa kila 1,000, ambayo ukiwa mezani kwako unaona ni nzuri sana, bado itakwama mara tatu au nne kwa saa. Sasa panga mashine 20 za namna hiyo mstari mmoja, kuna mtu anakimbia huku na huku zaidi ya mara 70 kwa saa. Kwahiyo makosa adimu ndo ya kuwinda.

Na kosa adimu huwezi kulisubiri kwa macho. Simamisha simu ikielekea sehemu unayoishuku, rekodi kwa mwendo wa taratibu, simu nyingi saivi zinachukua picha 240 kwa sekunde. Weka gololi moja ya rangi tofauti na uifuatilie. Mi niliwahi kuhangaika wiki nzima na mkono uliokuwa ukidondosha gololi mara moja moja, kwenye video nikaona mkono haukuwa na kosa lolote, gololi ya nyuma ilikuwa inaisukuma ya mbele kabla kikombe hakijakaa sawa. Nikaweka kizuizi kidogo kinachoruhusu moja moja, ikaisha.

Jambo la muhimu, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu ikapona hujui kipi kimeponya, na siku ikirudi kuumwa unaanza upya.

Masharti ya GBC ni yapi?

Kikapu cha kupokelea kiwe kushoto na gololi zitoke kulia. Kikapu nje ni vinundu 10 kwa 10, ndani 8 kwa 8, na kimo chake kisizidi matofali 10. Moduli, yaani mashine moja kwenye mstari, ipokee wastani wa gololi moja kwa sekunde, na kama unazitoa kwa mkupuo usizidi 30 kwa mara moja, maana jirani yako hana pa kuziweka.

Nichanganye matofali ya kampuni nyingine?

Unaweza. Kwenye fremu, nguzo na mapambo sioni tatizo. Kwenye ekseli, bushi na gia kuwa mwangalifu, tofauti ndogo kuliko unywele inatosha kubana. Jaribu kila ekseli kwenye shimo lake kwa vidole kabla hujaijengea juu.

Na gundi?

Usitie. Sehemu inayoachia inaomba boriti ya kuifunga kwa wima, tofali la juu na la chini zikishikwa na boriti moja ubavuni hazitoki tena.

Naoshaje gololi na vipande?

Maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni laini, mkono. Viache vikauke vyenyewe, usitumie kikaushio cha nywele. Gololi zioshe mara kwa mara kuliko vingine, zinabeba mafuta ya vidole vya kila mtu na gololi yenye mafuta inateleza mahali ilipotakiwa kubiringika.

Mtoto mdogo anaweza kucheza nayo?

Chini ya miaka mitatu hapana, gololi hizi zinaingia kooni. Zihesabu kabla na baada.

Jana ilikimbia vizuri kabisa, leo nimeihamisha tu imegoma. Nimegusa nini?

Pengine hujagusa kitu, umebadilisha meza. Mashine iliyotuniwa kwenye meza iliyolala kidogo imezoea huo mlalo, na mteremko wa pleti moja kwa vinundu nane ni nyuzi tatu tu, meza ikiinama upande wa pili kidogo umeshaufuta. Weka gololi moja katikati ya meza tupu uone inaelekea wapi, alafu chomeka pleti chini ya miguu ya mashine mpaka itulie. Kama bado, kagua pale ulipoishika wakati wa kubeba, mara nyingi ni hapohapo boriti imesogea nusu ya pini, unaisukuma inasema klak na gololi zinaanza kushuka.